Ukuta wangu ulimficha mwizi

Mwezi wa sita mwizi aliingia kwangu Ilazo, hapa Dodoma, mchana kweupe, na hakuwa na haraka. Alibeba televisheni na mtungi wa gesi, ila kwanza alikula ubwabwa wangu wa jana na sufuria akailoweka. Ukuta wangu una kozi kumi na mbili za tofali, juu nimepachika vipande vya chupa, na geti nimelifunika bati zima. Akishavuka pale, nani atamwona? Mama wa genge, ambaye kutwa yuko ng'ambo ya barabara anachambua mchicha, aliniambia, "Ningejuaje, kaka? Kwako hakuonekani."

Hana kosa. Nililipa fundi ili kwangu kusionekane.

Tangu siku hiyo naiwaza tembe ya babu kule Bahi. Kwa asiyeifahamu, tembe ya Kigogo ni nyumba ndefu yenye kimo kifupi, kuta za miti zilizokandikwa udongo, na paa lake ni bapa, nalo la udongo. Vyumba vinauzunguka ua, na usiku ng'ombe wanalala katikati. Ni nyumba ya watu waliozoea kuvamiwa: Wamaasai wakitokea kaskazini, Wahehe wakitokea kusini. Aliyetaka ng'ombe ilibidi apite kwenye usingizi wa familia nzima. Paa la udongo halishiki moto kama la nyasi. Mlango ni mfupi, unaingia kwa kutanguliza kichwa, na babu alikuwa akicheka kwamba mtu aliyeinama hivyo harushi mkuki.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni lile paa. Bibi alianika mtama juu yake, na akiwa huko anaona njia yote hadi kisimani, anasalimiana na jirani aliye juu ya paa lake, na anajua nani kapita na mbuzi wa nani. Ngome ile ilikuwa na macho.

Wajerumani walipokuja walijenga kwa akili nyingine. Boma la Kilimatinde liliwekwa ukingoni mwa Bonde la Ufa, pale ambapo tambarare ya Bahi yote iko chini yako. Wewe unaona, unaowaona hawakuoni. Neno lenyewe linachekesha kidogo: boma lilikuwa la ng'ombe, halafu likawa la mkuu wa wilaya, na hadi leo tukiitwa na serikali tunasema tunakwenda bomani. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, naye aliamini mawe. Aliizungushia Kalenga, makao yake, ukuta mkubwa, na Oktoba 1894 Wajerumani wakaupiga mizinga kwanza, kisha wakauvamia.

Halafu ikaja Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Sisemi vijiji havikuleta shule na maji. Nasema tu kwamba nyumba zilizopangwa mstari kando ya barabara ni rahisi kuhesabika, na tembe iliyojificha kwenye shamba lake haihesabiki kirahisi. Aliyechora mstari alilijua hilo.

Na sisi tuliokuja makao makuu tumechora nini? Mpango wa mji wa mwaka 1976 ulifikiria watu wanaotembea kwa miguu kwenye vitongoji vyao. Leo ukitembea mitaa mipya unapita kati ya kuta mbili kama ng'ombe anayepelekwa josho. Kila mtu ana boma lake, kamera yake, mbwa wake. Mtoto akianguka na baiskeli, wa kumwona ni kamera, nayo haishuki kumwinua.

Mwezi uliopita nilimwita fundi nikamwambia aushushe ukuta wa mbele hadi kozi tano, juu aweke nondo, na bati la geti alitoe. Akaniuliza kwa upole kama nimefukuzwa kazi. Mke wangu naye hakufurahi, maana sasa nguo zikiwa kambani mtaa mzima unazijua, na kwa hilo sina jibu. Nimempandia michongoma upande ule.

Juzi mama wa genge kanipigia simu nikiwa kazini. "Kaka, kuna kijana kasimama getini kwako robo saa anaangalia ndani. Nimemuuliza shida yake, kasema anatafuta chumba cha kupanga. Nimemwambia hapa hakuna. Na mbwa wako hana maji."