Mtaa Upite Ndani ya Soko

Kila ninapoona mchoro wa soko jipya la mjini, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni uzio. Nikikuta ukuta mrefu umezunguka pande zote, na geti moja kubwa likitazama barabara kuu, roho huniuma, maana yatakayofuata yanajulikana. Wenye vizimba vya ndani watalalamika kuwa wateja hawaingii. Mmoja atatoka na bidhaa zake na kuzipanga nje ya geti, wa pili atamfuata, na kabla ya mwaka kwisha soko lote litakuwa barabarani huku jengo likibaki na mwangwi. Halafu wachuuzi watafukuzwa na kuambiwa hawapendi utaratibu. Lawama hiyo inapelekwa pasipostahili. Kosa liko kwenye mchoro.

Sehemu kubwa ya mauzo ya soko hutoka kwa watu ambao hawakuondoka nyumbani na nia ya kwenda sokoni. Mtu anatoka kazini, anawahi kituo cha mabasi, njiani anakumbuka kuwa nyumbani hakuna sabuni. Ukimlazimisha azunguke ukuta mzima ili apate pa kuingilia, ataikumbuka sabuni yake mbele ya duka lingine. Ndiyo maana naona swali la kwanza la msanifu lingekuwa hili: watu wanapita wapi leo, wakitoka wapi na wakienda wapi? Vichochoro ambavyo wakazi wamevizoea kukatiza kiwanja ndivyo vingegeuka kuwa njia kuu za soko, zikiwa wazi pande zote mbili, hata kama jengo litapoteza vizimba kadhaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kweli, lakini sharti kionekane na anayepita.

Kwa sababu hiyo hiyo siziamini ghorofa za soko la rejareja. Mteja mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi hapandi ngazi kutafuta kitu anachoweza kukipata chini. Juu wekeni mafundi cherehani, ofisi, stoo, nyumba za kuishi, shughuli ambazo mtu huzifuata kwa makusudi. Chini pabaki pa meza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Durban, Afrika Kusini, eneo la Warwick Junction. Treni, mabasi na teksi za abiria hukutana hapo, na inakadiriwa kuwa watu wapatao 460,000 hupita kila siku. Wakati wa ubaguzi wa rangi wachuuzi Waafrika walikuwa wakifukuzwa mitaani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 manispaa ilibadili mwenendo: iliweka ofisi yake ndani ya eneo lenyewe, wahandisi, wasanifu na watu wa afya na usafi wakafanya kazi kwa pamoja, wakaketi na wachuuzi kundi moja baada ya jingine. Wauza dawa za asili walikuwa wakipanga mizizi na magome yao kando ya barabara, juani na mvuani. Karibu nao kulikuwa na vipande vya barabara ya juu vilivyoanzwa kujengwa vikaachwa bila kukamilika. Soko lao likawekwa juu ya vipande hivyo, na madaraja ya waenda kwa miguu yakaunganisha eneo hilo na upande wa kituo cha treni. Zege lililokuwa limekaa bure likawa sehemu ya njia ya kila siku ya abiria.

Angalieni kilichofanyika pale: mkondo wa watu haukuguswa, na soko likasogezwa ndani yake. Mwaka 2009 jiji lilipotaka kujenga jumba kubwa la maduka mahali pa soko la zamani la alfajiri katika eneo hilo hilo, wachuuzi walipinga hadi mahakamani na hatimaye mpango ukaachwa. Nawaunga mkono kabisa. Jumba lile lingewavuta abiria moja kwa moja hadi kwenye maduka yake, na meza za nje zingebaki zinatazamana.

Lakini jamii inayozunguka soko si wanunuzi peke yao. Wapo wanaolala jirani na soko. Hawa husahaulika kabisa kwenye michoro. Wao ndio wanaoamshwa na malori saa kumi ya alfajiri, wanaopokea harufu ya taka zilizokaa siku mbili, ambao mvua ikinyesha maji machafu huingia uani kwao. Ukizungumza habari ya kuunganisha soko na jamii ukaishia kwenye rangi za ukutani na bustani ndogo, bado hujamgusa jirani huyu. Yeye anataka kujua malori yatashusha mizigo upande gani na mwisho saa ngapi, mfereji utaelekea wapi, vyoo vitatosha watu wangapi na nani atavisafisha jioni.

Barcelona walilifanyia kazi hilo katika soko la Santa Caterina. Ni soko la karne ya 19, lililofanyiwa ukarabati mkubwa kwa usanifu wa Enric Miralles na Benedetta Tagliabue na kufunguliwa tena mwaka 2005. Wengi husifia paa lake la mawimbi lenye vigae vya rangi nyingi, na kweli ni zuri, hasa kwa wanaolitazama kutoka kwenye madirisha ya ghorofa jirani. Mimi navutiwa zaidi na mambo yasiyopigwa picha. Vizimba vilipunguzwa ili njia za waenda kwa miguu zipite, ushushaji wa mizigo na ukusanyaji wa taka vikapelekwa chini ya ardhi, na nyuma ya soko zikajengwa nyumba za wazee. Mzee anayeishi pale hufika sokoni kwa hatua chache tu.

Mji huo huo pia unatuonya. La Boqueria, soko lake maarufu zaidi, lilifurika watalii mpaka mwaka 2015 jiji likaweka masharti ya kuzuia makundi makubwa ya watalii kuingia siku na saa ambazo wakazi hufanya manunuzi yao. Mtalii huja kupiga picha na kuonja. Anayejaza kikapu ni jirani, na jirani akishindwa kupenya huzoea kununua kwingine. Kumrudisha ni kazi ngumu.

Pike Place ya Seattle, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1907, nayo hujaa wageni. Ila soko lile lina mizizi. Mwaka 1971 lilipokuwa hatarini kubomolewa, wapiga kura wa jiji waliamua libaki, baada ya kampeni iliyoongozwa na msanifu Victor Steinbrueck. Leo ndani ya eneo lake kuna zahanati, shule ya watoto wadogo, kituo cha wazee, huduma ya chakula kwa wasio na uwezo na nyumba za watu wa kipato cha chini. Mtu ana sababu ya kufika pale hata siku ambayo mfuko ni mtupu. Paris ilichagua tofauti: biashara ya Les Halles, soko lake kuu la vyakula katikati ya jiji, ilihamishiwa Rungis, nje ya jiji, mwaka 1969, mabanda yake yakaanza kubomolewa mwaka 1971, na mahali pake likabaki shimo kwa miaka kadhaa.

Kuhusu kushirikisha watu, nina neno moja tu. Mkutano wa kuonyesha picha za kompyuta na kupiga makofi haumsaidii mchuuzi. Chukueni chokaa, chorani kizimba chini kwa kipimo chake halisi, mwambieni aweke meza yake, mizani yake na magunia yake ndani, kisha mumwite kuli apite na mkokoteni. Atawaambia papo hapo kama njia ni nyembamba. Waulizeni wanawake ni kona gani wanaziogopa taa zikizimika. Pitisheni mtu wa kiti cha magurudumu tangu kituoni hadi meza ya mwisho.

Na liko jambo ambalo lazima liandikwe kwenye mkataba kabla tingatinga halijafika: wachuuzi wataenda wapi wakati wa ujenzi? Barcelona huweka soko la muda karibu na lile linalokarabatiwa, ili wateja wasipotee. Kwingine watu hupelekwa pembezoni mwa mji kwa ahadi ya kurudi, na milango inapofunguliwa wanakuta vizimba vina wenyewe wapya na kodi wasiyoiweza. Orodha ya majina ibandikwe hadharani tangu siku ya kwanza, kila mtu abaki na nakala yake yenye namba ya kizimba, na kiwango cha kodi atakayolipa akirudi kitajwe humo humo kwa maandishi.