Nyumba Moshi, mshahara London: mkaazi ni nani machoni pa kodi?

Kila Desemba, magari yanapopanga foleni kuelekea Moshi, watani wanasema Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Siku hizi msafara huo una wengi wanaotua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kutoka London, Oslo, Toronto na Texas. Wanafungua nyumba kihambani, kwenye shamba la ukoo, iliyoshinda imefungwa tangu Januari, wanaweka umeme wa LUKU, wanazunguka kusalimia wazee, na baada ya wiki tatu wamesharudi kazini. Ukiwagusia habari za kodi, wengi wana jibu moja: "Mimi sifikishi siku 183, hainihusu."

Sheria haijasema hivyo, au tuseme haijaishia hapo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kinatoa njia nne za mtu binafsi kuwa mkaazi wa Tanzania kwa mwaka husika. Kuwepo nchini siku 183 au zaidi ni njia moja. Nyingine ni kuwepo nchini mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Nyingine inawahusu watumishi wa Serikali waliopangiwa kazi nje. Lakini iliyoandikwa kwanza kabisa ni hii: una makazi ya kudumu Tanzania, na umekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka. Sehemu yoyote, hata wiki moja ya Krismasi.

Uraia haumo katika hesabu hiyo. Marekani ndiyo inayomfuata mtu kwa pasipoti yake: Mmarekani anayeishi Arusha anatakiwa kujaza ritani (fomu ya mapato ya mwaka) ya kwao hata kama hajakanyaga huko mwaka mzima. Tanzania inaangalia makazi na siku. Ukishakuwa mkaazi, kodi inahesabiwa kwenye mapato yako ya dunia nzima, mshahara wa London ukiwemo. Asiye mkaazi anadaiwa yale tu yenye chanzo Tanzania.

Tuweke namba, maana bila namba jambo hili linaonekana la wanasheria tu. Chukua muuguzi mwenye nyumba Marangu anayelipwa pauni 35,000 kwa mwaka Uingereza. Kule, pauni 12,570 za kwanza hazikatwi kodi, zinazobaki zinakatwa asilimia 20, kwa hiyo analipa kama pauni 4,486. Sasa mhesabu kwa viwango vya hapa, tukichukulia pauni moja ni shilingi 3,300. Mshahara wake unakuwa shilingi milioni 115.5. Huku kwetu kiwango cha asilimia 30 kinaanza pale mshahara unapozidi milioni moja kwa mwezi, kwa hiyo kodi yake inafika karibu milioni 32.6. Sheria inamruhusu kutoa kodi aliyokwisha kulipa nje, kama milioni 14.8. Inabaki takriban milioni 17.8 anayodaiwa Tanzania, kwa mshahara alioufanyia kazi hospitali ya Leeds, kwa sababu alikuja kula sikukuu nyumbani kwake.

Mwenzake wa Oslo au Toronto ana unafuu kidogo. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na Norway, Sweden, Denmark, Finland, Canada, Italia, India, Afrika Kusini na Zambia. Mtu akionekana mkaazi wa nchi mbili, mikataba ya aina hii kwa kawaida huangalia makazi yake ya kudumu yako wapi, na kama yako kote kote, maisha na uchumi wake vimeegemea wapi zaidi. Kwa Uingereza na Marekani, waliko jamaa zetu wengi, mkataba haupo.

Wapo watakaocheka: nani ameshawahi kudaiwa hiyo milioni 17? Hoja hiyo siipendi. Deni ambalo halijadaiwa bado ni deni, na sheria inayomtegemea ofisa apuuze maandishi yake inampa ofisa huyohuyo nafasi ya kuchagua wa kumfuata.

Hata hivyo, kipengele hicho cha makazi ya kudumu hakikuandikwa kwa kukurupuka. Kenya nayo ina kinachofanana nacho. Fikiria mfanyabiashara wa Arusha mwenye jumba Njiro, familia na kampuni ya utalii, ambaye wageni wake wanalipa kwenye akaunti ya Dubai, mahali ambapo mtu binafsi hatozwi kodi ya mapato. Akihesabu siku zake vizuri, anaweza kulala nje siku 250 kwa mwaka na wastani wa siku 122 akaukwepa pia. Kipimo cha siku peke yake kingemwacha apite, huku mwalimu wa sekondari Sanawari anakatwa PAYE, kodi ya mshahara, kila mwezi bila kuulizwa. Kwa mtu wa namna hiyo, nyumba ndiyo ushahidi wa kweli wa anapoishi. Kuifuta kabisa njia hii ya kwanza kungekuwa zawadi kwa matajiri.

Tatizo ni kwamba muuguzi na mfanyabiashara huyu wamewekwa kapu moja. Nyumba ya kihambani kwa Mchagga si lazima iwe mahali anapoishi. Ni mahali walipozikwa wazee, ardhi isiyouzwa, nyumba inayojengwa hata na mtu ambaye hana mpango wa kurudi kabla ya kustaafu. Mtu anaweza kubisha kwamba nyumba inayofunguliwa wiki tatu kwa mwaka si makazi ya kudumu, na nadhani hoja hiyo ina nguvu. Lakini nyumba ni yake, funguo anazo, samani zimo ndani, na hakuna mpangaji. Ofisa naye ana la kusema, na asiye na uwezo wa kulipa wakili hatataka kwenda kulijaribu.

Kwa maoni yangu, njia ya kwanza ingebaki lakini iongezewe sharti. Uingereza yenyewe, tangu 2013, kwa kawaida haimhesabu kuwa mkaazi mtu anayefanya kazi nje muda wote ikiwa anakaa nchini humo chini ya siku 91 kwa mwaka na kazi anazofanya akiwa humo ni za siku chache. Kinga kama hiyo ingemtoa muuguzi na kumbakiza bwana wa Dubai, ambaye kazi na biashara yake viko hapahapa.

Lakini lipo ambalo diaspora hawana pa kujifichia. Pesa ya pango ya nyumba ya Njiro, au ya mtaa wa Shanty Town kule Moshi, ni mapato yenye chanzo Tanzania, uwe mkaazi au usiwe. Wenye nyumba wengi wanamwachia binamu akusanye, pesa inaingia kwenye simu, mambo yameisha. Tangu 2022, hata mpangaji wa kawaida anapaswa kukata kodi kwenye pango anayolipa na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), asilimia 10 kwa mwenye nyumba aliye mkaazi. Hapo sina huruma: nyumba inaleta pesa hapa, ilipiwe hapa.

Wenye kazi ngumu zaidi ya kuhesabu ni wale wa Nairobi. Unafanya kazi kule, mke na watoto wako Arusha, kila wikendi unavuka mpaka wa Namanga. Jumamosi na Jumapili za mwaka zinakaribia siku 104, ukiongeza Pasaka na Desemba unapita 122, na familia iko kwenye nyumba yako. Ni vigumu kukwepa kuwa mkaazi wa Tanzania, huku Kenya nayo ikikukata kwenye mshahara. Mkataba wa Afrika Mashariki wa kuzuia kodi mara mbili ulisainiwa 2010 na bado haujaanza kutumika, wakati makao makuu ya Jumuiya yako hapahapa Arusha. Mpaka uanze, tunza risiti ya kodi uliyokatwa Kenya na nakala za mihuri ya mpakani, na ujaze ritani kabla ya 30 Juni. Mwajiri wa Nairobi hatakujazia.