Msosi wa dakika 15

Jamani mimi namtafuta yule mzungu. Simtafuti kwa ubaya, nataka tu aje hapa Mabatini, Mwanza, akae kwenye hiki kigoda changu, aniangalie usoni, halafu arudie ile kauli yake kwamba ni msosi wa dakika 15.

Ilikuwa Jumamosi. Waifu kaondoka alfajiri kwenda msibani Sengerema, kaniachia mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka tisa, na maagizo yake: unga upo, dagaa wapo kwenye ndoo, gesi usiiguse hiyo ni ya chai na ya dharura. Mimi nikaitikia vizuri kabisa. Sasa nipo nimejilaza napekua simu nikakutana na jamaa wa Uingereza kavaa aproni anapika maharage na soseji. Anafungua kopo, anamimina kwenye sufuria, anakatakata soseji, anazungusha mwiko mara tatu, anasema tayari, msosi wa dakika 15, anaweka juu ya mkate wa kuchoma anakula huku kafumba macho. Nikasema hee, yaani hicho ndo chakula cha jioni? Sisi chapati maharage tunakula saa moja asubuhi pale kituoni tumesimama, tena na haraka, leo mtu anarekodiwa kwa ajili hiyo!

Nikawaambia wanangu leo baba anapika Kizungu. Wakashangilia. Kosa la kwanza hilo, kwa sababu mtoto akishashangilia huwezi tena kurudi nyuma ukasonga ugali.

Tukapanda daladala hadi mjini kwenye supamaketi moja. Soseji nikachukua za ng'ombe, pakiti ya kumi, 8,500. Za kule kwao nyingi ni za kitimoto lakini sisi tuko wapangaji wanne uani, jiko ni moja na nyumba mbili ni za Waislamu, sitaki kesi. Halafu nikafika kwenye shelfu la makopo. Kopo moja la maharage 6,500. Nikaligeuza nikasoma lebo, gramu 400 na kitu, na humo ndani maharage yenyewe ni kama nusu, iliyobaki ni nyanya, maji na sukari. Sukari! Nikamuuliza dada wa pale, dada hii bei ni ya kopo moja au ya boksi? Akaniangalia tu. Nikarudisha. Mimi nalipa 6,500 ninunue maharage nusu kopo wakati nimezaliwa nchi ya maharage? Maharage kilo nzima sokoni ni 3,200, nitapika mwenyewe, maharage ni maharage.

Ndugu zangu, hapo ndipo kesi ilipoanzia. Yule mzungu dakika zake 15 ni za kupasha, hakupika yule, maharage yalishapikwa na kiwanda zamani, yeye kakuta kazi imekwisha akajipa sifa. Ni sawa na mimi niseme nimesafiri kwenda Ukerewe dakika mbili kwa sababu ndo muda niliotumia kushuka kwenye meli. Lakini hayo nayajua leo.

Sokoni nikaulizia maharage madogo meupe, maana ndo wanayotumia wao. Mama muuzaji akasema meupe hana, ana ya njano na mekundu, ya njano matamu zaidi. Nikamuuliza haya ni ya mwaka huu? Akajibu, "Baba, wewe unanunua maharage au unaoa?" Nikanyamaza nikalipa. Ila nawaambia swali langu lilikuwa la maana, maharage yakishakaa sana ghalani yanakomaa kama kokoto, unaweza kuyachemsha mpaka ukapata wajukuu.

Saa saba nimewasha gesi. Ndio, gesi. Nilijiambia ni dakika 15 tu, gesi itajuaje. Kuloweka sikuloweka, maana mzungu hakuloweka. Nikatia maharage, maji, na kwa sababu nilikuwa naiga vile vilivyokuwa ndani ya lile kopo nikatia kila kitu humo humo kwa mpigo: nyanya nane zimesagwa, kitunguu, chumvi, vijiko vinne vya sukari, siki. Harufu ikatoka nzuri. Doto akaja akachungulia, "Baba umeweka sukari kwenye maharage?" Nikamwambia ndo Uingereza hiyo mwanangu. Akarudi kwa mwenzie wakanong'ona.

Sasa jamaa kuna sosi alikuwa anadondoshea mwishoni, nyeusi, kachupa kadogo, inaitwa Worcestershire. Msiniulize inatamkwaje, niliirudia mara tano yeye mwenyewe anaimeza katikati. Nikaisaka kwenye simu humo ndani kuna nini. Siki, ukwaju, na samaki wadogo waliokaa kwenye chumvi mpaka wakaiva wenyewe. Nikaruka juu! Samaki wadogo! Mtu wa Mwanza unamwambia samaki wadogo unamtishia nini? Hiyo si dagaa hiyo? Yaani Waingereza wanaweka dagaa kwenye chupa wanaipa jina la kutuvunja ulimi, na sisi tunazo ndoo nzima hapa zimetoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Nikachota kiganja nikatia. Nikakamua na ukwaju, maji yake kikombe. Nilijiona msomi kweli kweli.

Dagaa sikuwaosha. Nasema tu ili mnielewe huko mbele. Wengi wetu tunajua dagaa wetu wanaanikwa wapi, ni chini kwenye mchanga wa ufukweni, na ndo maana mwanamke akiosha dagaa anawabadilishia maji mara tatu nne, mimi miaka yote nilikuwa nadhani ni maringo.

Saa nane nikaonja. Gumu. Saa tisa, gumu. Saa tisa na nusu nimelichukua moja nikalibana na meno ya nyuma likachomoka likampiga Kulwa shingoni. Watoto njaa inauma, ikabidi nianze kukaanga soseji ili wapate za kuonja. Tukaonja mbili. Baada ya nusu saa tukaonja tena mbili. Soseji ina tabia moja mbaya, haishibishi, inakukumbusha tu kwamba una njaa.

Nikiwa nasubiri pale nikasoma historia yake yote, maana nilikuwa na muda. Kumbe haya maharage ya kopo kwa asili ni mambo ya Marekani, kampuni ya Heinz ndo wakayapeleka London mwaka 1886 wakaanza kuyauza kwenye duka linaitwa Fortnum & Mason, duka la wenye nazo, yaani kilikuwa chakula cha kifahari kabla hakijawa cha mwanafunzi aliyeishiwa. Na kingine, jina lenyewe, baked beans, linasema ya kuoka lakini kwenye oveni hayaingii, yanaivia ndani ya kopo kwa mvuke. Kwa hiyo toka jina mpaka dakika mimi naona kuna uongo uongo tu.

Saa kumi na dakika tano moto ukawa wa njano, ukatetemeka, ukazimika. Gesi imekwisha.

Kimya kilichoingia pale jikoni sijawahi kukisikia. Mapacha wakaniangalia. Kulwa akasema polepole, "Baba, ile ya dharura." Nikamwambia hii ndo dharura yenyewe.

Nikabeba sufuria nikatoka nalo uani kwa bibi wa chumba cha mwisho, mama mmoja mtu mzima Msukuma, ana jiko lake la mkaa. Mwadila mayu, nikamsalimia kwa adabu zote, nikamuomba moto. Akafunua mfuniko, akaangalia ndani kwa muda mrefu kama daktari anaangalia picha ya eksirei. "Ng'wanawane, hiki ni nini?" Nikasema maharage. "Na hawa?" Dagaa. "Wameenda kufanya nini humo?" Nikaanza kumweleza habari za Worcestershire, akaniwekea mkono kunizuia, akasema basi, kama ni magumu tia magadi, mbona rahisi.

Hakujua kuna nyanya nane, siki na ukwaju. Na mimi sikumwambia, maana hakuniuliza. Nikachota magadi, sio kile kipande kidogo kama cha mwisho wa kucha, mimi nilikuwa na hasira, nikatia kijiko cha chakula kimejaa. Jamani! Lile sufuria lilinguruma. Povu likapanda jeupe, likawa la pinki, likainua mfuniko, likamwagika pande zote kama mtu kaloweka nguo na sabuni ya unga nyingi, likazima na mkaa wa watu. Bibi akarudi nyuma na kigoda chake, akasema neno kwa Kisukuma ambalo sijalitafsiri mpaka leo. Doto akapiga makofi, alidhani ndo sehemu ya mapishi.

Baadaye ndo nikaeleweshwa. Ukitia kitu chochote chenye uchachu kabla maharage hayajalainika, iwe nyanya, siki, ndimu au ukwaju, yanagoma, ganda linakaza. Kwanza chemsha kwa maji matupu mpaka yabonyee, ndo nyanya ifuate. Kila mwanamke pale uani anajua, hata Doto anajua. Na magadi yakikutana na uchachu ndo hilo povu. Mimi nilikuwa nimeweka uchachu wa aina tatu halafu nikaleta magadi kuamua ugomvi.

Sasa mpango wangu ulikuwa niwahi kumwaga kabla waifu hajafika. Nilikuwa na uhakika muda upo. Maana sisi wa zamani Sengerema tunaihesabu kwa kivuko, mtu akienda kule huwa unajua kuna foleni ya Kigongo, magari yamepanga mstari, anaweza kuingia saa tatu usiku na asilaumiwe. Nikasahau kwamba tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, gari linapita tu kama liko Nyerere Road. Maendeleo ni mazuri sana ila kuna wanaume yanatukuta vibaya. Saa kumi na mbili kasoro geti likalia.

Hakusalimia. Alisimama na kanga yake ya msibani, akaangalia jiko la bibi limejaa povu lililokauka, akaangalia sufuria, akavuta hewa mara mbili, akaingia ndani, nikasikia mtungi wa gesi unatikiswa. Mnajua mtungi mtupu unavyolia. Akatoka. "Baba Kulwa."

"Naam."

"Nani kafa hapa?"

Nikasema hakuna, nilikuwa nawapikia watoto. Akakaa chini, akavuta pumzi, akajifunga kanga kiunoni. Akamwaga maji yote, akaosha yale maharage mara nne, kila akiinamisha beseni chini kunabaki mchanga, akawa ananionyesha ule mchanga bila kusema kitu. Akayarudisha kwa maji safi kwenye mkaa mpya, mkaa wa 2,000 niliotumwa mbio, na ajabu ni kwamba yalipoachana na ule ukwaju hayakuchukua hata saa moja na robo yakalainika yenyewe, nadhani na magadi yalishafanya kazi yake. Akaunga kitunguu na nyanya mbili tu, akatia karanga za kusaga, akasonga ugali. Saa mbili na nusu usiku tunakula.

Utamu ulikuwepo, sitaki kudanganya. Kulikuwa na kasukari fulani kamebaki ndani ndani ya maharage, na ukali wa magadi kwa mbali kama umelamba sabuni ukapangusa, lakini na karanga vikaelewana. Mapacha walifuta sahani na vidole. Kulwa akauliza kama Jumamosi ijayo tutapika tena Uingereza. Bibi tulimpelekea bakuli, akalirudisha tupu, akasema wabeja, yaani asante, ila dagaa next time wabaki kwenye ugali.

Halafu waifu akaweka soseji mezani. Moja. Akaikata vipande vinne kwa kisu, kwa utaratibu, akatugawia.

"Pakiti ilikuwa na ngapi?"

Mimi na wanangu tukaangalia ukutani kwenye kalenda.

Sasa hivi nipo nje, saa nne usiku, nasugua sufuria kwa majivu maana chini limeungua sukari imeshika kama lami. Na akili yangu inapiga hesabu yenyewe bila kuombwa: soseji 8,500, maharage 3,200, nyanya na ukwaju 2,500, nauli yangu na watoto kwenda na kurudi, mkaa wa kwetu 2,000, mkaa wa kumlipa bibi 2,000, mtungi wa gesi ukijazwa ni 25,000. Hapo tumeshavuka 43,000 bila nauli. Gawanya kwa 6,500. Yanatoka makopo sita na hela ya soda inabaki.

"Unaongea na nani huko nje?"

"Na sufuria."