Viti si mageti

Nimesoma makala inayosema eti uwanja mpya wa mpira wa Nzuguni ukikamilika, msongamano wa siku ya mechi Dodoma utabaki hadithi kwa sababu viti vitatosha. Hapo mwandishi kaniacha. Mwaka juzi nilienda mechi moja ya ligi (uwanja siutaji), tiketi ninayo mkononi, lakini geti lililofunguliwa upande wetu lilikuwa moja, mashine ya kusoma kadi inasuasua, polisi wanasukuma watu nyuma. Bao la kwanza nililisikia nikiwa nje, na ndani viti vilikuwepo! Uwanja wa Benjamin Mkapa kule Dar unachukua watu 60,000, ila Simba na Yanga wakikutana watu huingia tangu asubuhi. Na Nzuguni iko kandokando ya barabara ya Dar es Salaam, stendi kuu ya mabasi ya Nanenane iko hukohuko. Mabasi ya Morogoro, daladala, bodaboda na mashabiki wakutane saa kumi jioni njia hiyohiyo? Sipingi uwanja, tena tumechelewa kuupata. Wenzangu wa Ipagala na Ilazo, nyie mtapita wapi siku ya Yanga?