Kukata Mkono au Kukata Uvimbe?

Epidemolisisi bulosa ni ugonjwa wa kurithi. Hauambukizi, wala hakuna aliyerogwa. Ngozi haijashikizwa vizuri: bandua plasta, na ngozi inabanduka nayo. Katika aina moja kali, kolajeni namba 7, protini inayoshikiza tabaka la juu la ngozi kwa la chini, haipo au haitoshi, na vidonda vya miaka mingi huishia kuzaa saratani ya ngozi. Rejesta ya wagonjwa ya Marekani ilikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 35, karibu wagonjwa 68 kati ya 100 wa aina hiyo huwa wameipata. Kufikia miaka 55, 90.

Saratani hiyo ikiota mkononi, kuna wanaosema kata mkono wote, yaishe. Kwa mgonjwa wa Newala au Liwale, kusini mwa Tanzania, hoja hiyo si ya kubezwa. Ukikata uvimbe peke yake, itabidi arudi kila baada ya miezi michache akaguliwe mwili mzima. Nauli inangoja malipo ya korosho, na masika Liwale hakutokeki kirahisi.

Lakini kukata kiungo hakujathibitika kurefusha maisha ya wagonjwa hawa. Ngozi ni ileile mwili mzima, saratani nyingine huota kwingine. Mkono unaobaki huenda vidole vyake vimeshaungana kwa makovu, na kiungo cha bandia kitachubua kigutu kila siku. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza kutoa uvimbe pamoja na sentimita 2 za ngozi isiyo na saratani pembeni, inapowezekana.

Mimi naegemea huku, kwa sharti moja: kidonda kisichopona kwa wiki 4, au kilichoanza kuuma kwa namna mpya, kikatwe kinyama kipimwe. Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda pale Mitengo, zote za Mtwara, isiwe mahali pa kubadilishia bendeji tu. Tahadhari za chumba cha upasuaji nazo nyingi ni za mikono, si za mashine: dripu ifungwe kwa bendeji badala ya plasta, mgonjwa ainuliwe asiburutwe, damu ipimwe mapema kwa sababu wengi wana upungufu. Mdomo uliosinyaa kwa makovu hufanya mpira wa hewa upite kwa shida, hivyo ganzi ya kiungo ifikiriwe kwanza.

Saratani ikishaingia mfupani, nakubali mkono ukatwe. Mionzi ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, hupunguza maumivu, ila ngozi hii haihimili dozi kubwa.