Faida ya tiba inapimwaje, na deni la familia linaingia wapi?

Hakuna nchi ambayo bajeti yake ya afya inatosha. Shilingi iliyolipia mashine ya kusafisha damu haiwezi tena kununua dawa za presha, na iliyonunua dawa za presha haiwezi kumlipa mkunga. Ugumu unaanza tunapotaka kulinganisha. Upasuaji wa mtoto wa jicho hauongezi siku za kuishi kama upasuaji wa moyo, ila unamrudishia mzee macho yake. Dawa ya saratani inaweza kuongeza miezi michache, tena ya maumivu na kichefuchefu. Chanjo ya surua inamkinga mtoto ambaye pengine asingeugua kabisa. Kipi kina faida zaidi kwa fedha ileile?

Wachumi wa afya wamejibu kwa kutafuta kipimo kimoja kinachobeba urefu wa maisha pamoja na ubora wake. Kinachotumika zaidi kinaitwa kwa kifupi QALY. Mwaka mmoja wa afya kamili ni 1, kifo ni 0, na hali nyingi za ugonjwa zinakaa katikati. Mtu akiishi miaka 10 katika hali iliyopewa uzito wa 0.6, amepata QALY 6. Ukijua tiba inaongeza QALY ngapi na inagharimu kiasi gani, unaweza kuilinganisha tiba ya figo na chanjo.

Uzito huo unatoka kwa watu. Dodoso linalotumika sana, EQ-5D, linauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kisha raia wa kawaida wanaulizwa swali gumu: badala ya kuishi miaka 10 katika hali hii, ungekubali kuishi miaka mingapi tu ukiwa mzima kabisa? Uingereza iliwahoji hivyo watu wapatao 3,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hali mbaya kuliko zote ikaangukia chini ya sifuri, -0.594. Waliohojiwa waliiona ni mbaya kuliko kufa.

Taasisi ya NICE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1999 ili kuamua ni tiba zipi huduma ya afya ya umma izilipie, ndiyo iliyokifanya kipimo hiki kiwe maarufu. Kwa miaka mingi ilishika ukomo wa pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila QALY moja. Dawa iliyozidi hapo ilihitaji sababu nzito ili ikubaliwe. Kila mara dawa ilipokataliwa, wagonjwa wake walionekana kwenye televisheni, wenye sura na watoto. Nawaelewa. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha York, wakiongozwa na Karl Claxton, waliuliza upande ambao kamera haikuenda: fedha hizo zingebaki hospitalini zingefanya nini? Hesabu yao ilikuwa kwamba huduma ya afya ya Uingereza ilipata QALY moja kwa pauni 12,936 hivi. Kwa hiyo dawa mpya iliyokubaliwa kwa pauni 30,000 kwa QALY moja iliwanyang'anya wagonjwa wengine zaidi ya QALY mbili. Hao hawakujua kuwa wamenyang'anywa, na hakuna aliyewapigia kelele.

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaokitetea kipimo, na sijaona aliyeivunja. Ugawaji wa fedha unafanyika hata pasipo hesabu. Pasipo hesabu, anayepata ni mwenye ndugu wizarani, mwenye ugonjwa unaovuta huruma, au kampuni ya dawa yenye mawakala wengi. QALY angalau imeandikwa na inaweza kupingwa hadharani.

Na imepingwa. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipopanga huduma za bima ya maskini kwa kufuata gharama na faida, orodha ya kwanza ya mwaka 1990 iliweka huduma ya kuvika jino kofia juu ya upasuaji wa kidole tumbo. Hesabu haikukosea kujumlisha: upasuaji mmoja ni ghali, na kwa fedha hizo meno mengi yanatengenezwa. Lakini mtu mwenye kidole tumbo kilichopasuka anakufa wiki hii, na hakuna jamii ninayoijua inayoweza kumwacha afe kwa sababu meno ya wengi yanasubiri. Orodha ikaandikwa upya. Mpango uliofuata nao ulikataliwa na serikali kuu mwaka 1992, kwa madai kwamba ungewabagua watu wenye ulemavu.

Madai hayo ya ulemavu ni mazito. Ikiwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu amepewa uzito wa 0.7, kuokoa mwaka mmoja wa maisha yake kunahesabiwa kidogo kuliko kuokoa mwaka wa mtu anayetembea. Amepunjwa na mwili, halafu anapunjwa na hesabu. Marekani ilizuia kisheria, katika mageuzi ya bima ya mwaka 2010, matumizi ya ukomo wa gharama kwa QALY katika sehemu ya maamuzi ya serikali kuu. Watetezi wanajibu kwamba ukiondoa uzito, unaondoa pia sababu ya kulipia tiba inayopunguza ulemavu. Wako sahihi kwa nusu tu. Inawezekana kutumia uzito unapopima tiba inayoboresha hali ya mtu, na kuuacha unapopima tiba inayookoa maisha. Kufanya hivyo kunaharibu unadhifu wa fomula, na mimi niko radhi uharibike.

Sisi tumezoea zaidi ndugu wa QALY, yaani DALY, iliyoenezwa na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993. Hii inahesabu kinyume: miaka ya afya iliyopotea kwa kufa mapema au kwa kuishi na ugonjwa, kwa hiyo hapa afya kamili ni 0 na kifo ni 1. Toleo la kwanza liliwapa watu wazima wa umri wa kufanya kazi uzito mkubwa kuliko watoto wachanga na wazee, jambo lililoondolewa katika tathmini ya dunia ya mzigo wa magonjwa ya mwaka 2010. Tathmini hiyohiyo iliuliza uzito wa magonjwa upya, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambako watu walihojiwa ana kwa ana. Walielezwa habari za watu wawili wenye matatizo tofauti, wakaulizwa ni nani mwenye afya zaidi.

Tazama kilichotokea kwa upofu. Zamani ulikuwa na uzito wa karibu 0.6, mwaka 2010 ukashuka hadi 0.195. Mtu asiyeona anaweza kuwa na moyo imara na mapafu safi, kwa hiyo ukiuliza juu ya afya tu, jibu hilo lina mantiki. Lakini muulize mkulima asiyeona katika kijiji kisicho na barabara amepoteza nini, atakutajia shamba, kipato na heshima yake kikaoni. Upofu ni uleule. Lililobadilika ni njia ya kuuliza, na faida ya kila upasuaji wa mtoto wa jicho ikashuka nao katika vitabu vya hesabu.

Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa zaidi kwa nchi zetu, kubwa kuliko hizo nyingine zote. QALY na DALY zinaishia kwenye mwili wa mgonjwa. Uingereza hilo halina madhara makubwa sana, kwa kuwa mgonjwa halipi hospitalini. Kwetu ugonjwa mmoja unauza ng'ombe, unamtoa binti shule, unafungua kundi la michango la WhatsApp lisilofungwa hata baada ya mazishi. Tiba mbili zinaweza kuokoa miaka ileile ya afya, moja ikigharimu familia nauli tu, nyingine ikiwafilisi ndugu wa pande zote mbili. Kwenye jedwali la DALY, faida yao inaandikwa sawa.

Thailand ililiona hili kwenye figo. Tafiti zake zilionyesha kuwa kusafisha damu, kwa mashine au kupitia tumboni, hakulipi kwa vigezo vya kawaida. Hata hivyo, mwaka 2008 huduma hiyo iliingizwa kwenye bima ya wote, kwa kuanza na njia ya tumboni, kwa sababu familia zilikuwa zinafilisika. Hesabu haikutupwa: ilisaidia kuchagua njia na kujua mapema bili itakuwa kubwa kiasi gani. Wapo wanaosema uamuzi huo ulikuwa kosa, kwamba fedha hizo zingezuia kisukari na presha kwa watu wengi zaidi. Hoja yao ni ya kweli, na mwaka 2022 wagonjwa waliporuhusiwa kuchagua mashine, gharama zilipanda. Huruma nayo ina bili.

Kenya iko kwenye swali hilohilo. Bei ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, kwa kusafisha damu mara moja ni shilingi 10,650. Mgonjwa anayekwenda mara mbili kwa wiki anafikisha shilingi 1,107,600 kwa mwaka. Kwa DALY peke yake, fedha hizo zingekwenda kwenye vidonge vya presha na vipimo vya sukari zahanati, kabla figo hazijafa. Kwa kuangalia kufilisika peke yake, zingekwenda zote kwenye mashine. Ninaamini zote mbili zihesabiwe na zichapishwe kando kwa kando: miaka ya afya, na kaya ngapi zimeepushwa na umaskini. Mbinu ya kuhesabu hiyo ya pili ipo.

Na ukomo usiazimwe. Kwa muda mrefu nchi maskini zilitumia kanuni ya kuweka ukomo kwa kila DALY kwa kuzidisha wastani wa pato la mtu mmoja kwa mwaka kwa moja hadi tatu, kanuni inayokubali karibu kila kitu huku mfuko ukiwa mtupu. Malawi ilipopanga kitita chake cha huduma muhimu, watafiti walikadiria ukomo kutokana na bajeti halisi: dola 61 kwa kila DALY inayozuiwa. Inaumiza kuisoma, lakini ni namba ya kweli ya fedha zilizopo. Uzito nao uulizwe hapa. Zimbabwe, Ethiopia na Uganda zimekwisha kuwahoji raia wao kuhusu EQ-5D. Jopo lolote linalopanga kitita cha mafao, Nairobi au Dodoma, lichapishe uzito liliotumia, aliyeulizwa, ukomo wake, na orodha ya huduma zilizokataliwa pamoja na sababu, kwa Kiswahili ambacho mama aliyekataliwa anaweza kukisoma na kukata rufaa.