Kinyota Kinachofuta Tangazo

Tangazo likisema "sukari pungufu kwa asilimia 25", uliza: pungufu kuliko nini, na kwa kipimo gani? Majibu hufichwa chini, penye kinyota (*), kwa herufi za kutafutwa kwa taabu.

Tuseme kampuni mbili hasimu zinauza biskuti. Lebo ya kwanza inaonyesha gramu 6 za sukari kwa mlo mmoja, ya pili gramu 8. Sita ni pungufu ya nane kwa robo, kwa hiyo hesabu ya tangazo haina kosa. Ila mlo mmoja wa kampuni ya kwanza ni gramu 25, wa pili gramu 40. Gawanya sukari kwa uzito wa mlo, zidisha kwa 100: ya kwanza ina gramu 24 katika kila gramu 100, ya pili 20. Iliyojisifu ndiyo yenye sukari zaidi, na kampuni yenyewe ndiyo iliyochagua ukubwa wa mlo.

Vinywaji vya kuchanganya na maji vina mtego wake. Kinywaji kizito chenye gramu 40 za sukari kwa mililita 100, kikichanganywa sehemu moja kwa nne za maji, kinabaki na gramu 8. Mshindani mwenye juisi ya gramu 10 akitangaza kuwa yake ina robo tu ya sukari, amesoma lebo sawasawa na bado amemdanganya mnywaji. Supu ya unga nayo ni vivyo hivyo.

Kinachoniudhi zaidi ni tangazo linaloonyesha pakiti ya rangi ileile ya mshindani, jina limefichwa, kumbe kinyota kinasema "ikilinganishwa na bidhaa yetu ya awali". Kinyota kina kazi halali, nayo ni kufafanua. Kikikanusha maandishi makubwa, basi maandishi makubwa ni uongo, na herufi ndogo haziwezi kuyasafisha.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiruhusu POM Wonderful, kampuni inayouza juisi ya komamanga, kuishtaki Coca-Cola kwa juisi ya Minute Maid iliyotanguliza komamanga na bluberi kwenye lebo. Komamanga ilikuwa asilimia 0.3, bluberi 0.2, tufaha na zabibu zilijaza asilimia 99.4. Mahakama ilikataa hoja kwamba sheria za lebo za chakula zinamzuia mshindani kushtaki. Hata hivyo, mwaka 2016 baraza la waamuzi liliipa Coca-Cola ushindi. Kumwachia mshindani peke yake ulinzi wa mlaji hakutoshi.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1924/2006 inafaa kuigwa: ulinganisho uwe wa vyakula vya aina moja, kwa kiasi kilekile cha chakula, na tofauti itajwe. Neno "pungufu" linahitaji angalau asilimia 30, isipokuwa vichache kama chumvi, ambayo ni 25. Mimi ningeongeza sharti moja: masharti yanayobadilisha maana yachapishwe kwa ukubwa uleule wa dai.

Ukiamua kulalamika, piga picha tangazo zima pamoja na kinyota chake, kisha jedwali la virutubishi la bidhaa zote mbili. Namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa zionekane, maana mapishi hubadilishwa, na jibu la kwanza la kampuni huwa kwamba ulisoma pakiti ya zamani.